NGLHRC na miaka kumi ya kudai cheti cha usajili: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tangu Mahakama ya Juu ya Kenya iamue, mnamo Februari 24, 2023, kwamba NGLHRC, shirika la kutetea haki za mashoga na wasagaji, lina haki ya kusajiliwa, maswali yale yale yamekuwa yakirudi: kwenye matatu, kwenye vikundi vya WhatsApp vya familia, hata baada ya ibada. Mengi huulizwa kwa hasira, mengine kwa nia njema kabisa, na majibu yanayozunguka huwa nusu ukweli. Nimeifuatilia kesi hii kwa miaka mingi kwa sababu naamini ni miongoni mwa kesi muhimu zaidi zilizowahi kuipima Katiba ya 2010. Haya hapa majibu, kwa mpangilio ambao watu wengi huyauliza.

NGLHRC ni nini hasa?

Ni shirika la kutetea haki lililoanzishwa Nairobi mwaka wa 2012 na kundi dogo la wanasheria vijana. Jina lake kwa Kiswahili ni Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu za Mashoga na Wasagaji. Neno "tume" lisikuchanganye. Si chombo cha serikali, wala si tawi la KNCHR, ile Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu iliyoundwa kwa mujibu wa Katiba.

Kazi yake tangu mwanzo imekuwa ya uwakili: kumtetea bila malipo mtu aliyekamatwa, aliyefukuzwa nyumba ya kupanga, aliyeachishwa kazi au anayetishiwa kuanikwa hadharani asipotoa pesa, na kupeleka mahakamani kesi zinazogusa Katiba yenyewe. Aliyeliongoza miaka ya mwanzo ni Eric Gitari, ambaye jina lake ndilo lililo kwenye kesi karibu zote unazosikia. Baadaye uongozi ulichukuliwa na wakili Njeri Gateru.

Kabla ya hapo hakukuwa na makundi mengine?

Yalikuwepo, na wengi husahau hilo. Ishtar, lililoshughulikia afya ya wanaume wanaofanya mapenzi na wanaume, lilikuwa likifanya kazi Nairobi tangu miaka ya 1990. Mwaka 2006 makundi kadhaa yaliungana na kuunda muungano wa GALCK. Januari 2007, Kongamano la Kijamii la Dunia lilipofanyika Kasarani, muungano huo ulikuwa na hema lake hadharani. Kwa Wakenya wengi waliopita pale, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuzungumza ana kwa ana na Mkenya mwenzao aliyesema wazi kwamba yeye ni shoga au msagaji. Mombasa nako kulikuwa na PEMA Kenya.

David Kuria, aliyewahi kuiongoza GALCK, alifika hadi kutangaza kuwania useneta wa Kiambu katika uchaguzi wa 2013, kisha akajiondoa kabla ya kura. Kwa hiyo NGLHRC haikuanza kwenye jangwa. Ilichokuja nacho kipya ni mkakati wa kwenda mahakamani, na kwenda tena, hadi mwisho.

Kwa nini walihisi mkakati huo unahitajika?

Sababu moja ni Mtwapa. Februari 2010 ulienea uvumi katika mji huo wa Kilifi kwamba kuna harusi ya wanaume wawili. Hakukuwa na harusi. Baadhi ya viongozi wa dini, Waislamu kwa Wakristo, walisimama mbele ya waandishi wa habari na kutaka zahanati ya taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, ifungwe, kwa kuwa ilikuwa ikiwahudumia wanaume wanaofanya mapenzi na wanaume katika mapambano dhidi ya Ukimwi. Siku iliyofuata umati uliizunguka zahanati. Watu walitolewa nyumbani kwao, wakapigwa. Polisi waliwachukua baadhi yao na kuwaweka kituoni, kwa sehemu ili wasiuawe, na baadaye wakaachiliwa bila mashtaka. Fikiria hilo: aliyevamiwa ndiye anayelala seli, na waliovamia wanarudi nyumbani kula chakula cha jioni.

Sababu ya pili ni Katiba. Ilitangazwa rasmi Agosti 27, 2010, miezi sita tu baada ya Mtwapa, ikiwa na Sheria ya Haki ambayo haikuwahi kuonekana nchini. Mwaka 2012 KNCHR nayo ilipendekeza katika ripoti yake kwamba mahusiano ya hiari kati ya watu wazima wa jinsia moja yasiwe kosa la jinai. Mwanasheria kijana aliyesoma ibara za Katiba hiyo angeona mlango uko wazi. Ilibaki kuujaribu.

Je, kuwa shoga au msagaji ni kosa Kenya?

La. Hapa ndipo watu wengi hukosea, wakiwamo polisi. Kinachoadhibiwa ni vitendo, na ni vifungu vitatu vya Kanuni za Adhabu. Kifungu cha 162 kinazungumzia kujamiiana "kinyume na maumbile" na kifungo chake kinafika miaka 14. Cha 163 ni kujaribu kutenda hivyo, miaka 7. Cha 165 kinahusu vitendo vya aibu baina ya wanaume, miaka 5, na hakiwataji wanawake.

Hakuna kifungu kinachomfanya mtu kuwa mhalifu kwa jinsi alivyo, kwa anavyotembea, kwa anavyovaa au kwa mtu anayempenda. Lakini ishi na sheria hizo juu ya kichwa chako uone. Mwenye nyumba anazitaja anapokufukuza. Askari anazitaja anapotaka hongo. Jambazi anazitaja akijua huwezi kwenda kuripoti. Wanaopatikana na hatia mahakamani ni wachache sana. Madhara makubwa hutokea kabla ya mtu kufika mahakamani.

Sheria hizo zimetoka wapi? Si mila zetu?

Zimetoka Uingereza kupitia India. Waingereza walipoitawala India waliandika kanuni ya adhabu mwaka 1860, na kifungu cha 377 ndicho kilichobeba maneno hayo ya "kinyume na maumbile". Mwaka 1897 kanuni hiyo ya India ilianza kutumika katika himaya yao ya Afrika Mashariki. Mwaka 1930 Kenya ikapata kanuni yake yenyewe, bado chini ya mkoloni, na maneno yakabaki.

Uingereza na Wales walianza kuondoa adhabu hiyo kwao mwaka 1967. Sisi tuliirithi, tukaitunza, na sasa tunaapa kwamba ni ya mababu. Sijawahi kukutana na mzee wa kijiji aliyeeleza mila yake kwa kutaja kifungu cha 165. Kila jamii ilikuwa na maonyo na makatazo yake kuhusu mambo ya ndoa na mwili, hilo sibishani nalo, ila jela ya miaka 14 si moja wapo.

Kwa nini Bodi ya NGO ilikataa kuwasajili?

Utaratibu wa wakati huo ulikuwa hivi. Kabla ya kuomba usajili, unapeleka majina matatu kwa Bodi ya Uratibu wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, nayo inayatafuta kwenye daftari lake kuhakikisha hakuna shirika jingine lenye jina hilo. Likipitishwa moja, linatengwa kwa ajili yako, ndipo unajaza fomu za usajili wenyewe. Kwa kawaida ni hatua ya karani tu.

Gitari alipeleka majina mwaka 2012. Yalikataliwa. Akabadilisha, akapeleka mengine. Majibu yakawa hayo hayo. Kila jina lilikuwa na maneno "mashoga na wasagaji", na Bodi ilimshauri akayapitie upya. Machi 2013 ikaweka sababu yake kwenye barua: vifungu vya 162, 163 na 165 vinaharamisha mambo hayo, kwa hiyo jina halikubaliki. Bodi iliegemea kanuni inayomruhusu mkurugenzi kulikataa jina linaloenda kinyume na sheria au lisilofaa.

Angeweza kuficha. Mashirika mengi ya aina hii, hapa na nchi jirani, yamejisajili kwa majina ya "afya", "vijana" au "jamii zilizotengwa" na maisha yakaendelea. Gitari na wenzake walikataa njia hiyo, na nadhani walikuwa sahihi. Shirika linalodai kwamba watu wasilazimike kujificha lingeanzaje kwa kujificha lenyewe?

Cheti cha usajili kina thamani gani hadi watu wapigane miaka kumi?

Bila cheti huwezi kufungua akaunti ya benki kwa jina la shirika. Huwezi kuingia mkataba wa pango wala wa ajira kama taasisi. Wafadhili wanataka namba ya usajili kabla ya kutoa hata shilingi. Kisha kuna jambo lisiloandikwa kwenye fomu: taasisi iliyosajiliwa inaingia ofisi ya OCS, mkuu wa kituo cha polisi, ikiwa na barua yenye muhuri, na inasikilizwa. Isiyosajiliwa inaulizwa, "Nyinyi ni nani?"

Mahakama Kuu iliamua nini mwaka 2015?

Kesi ilipewa nambari 440 ya 2013. Ilisikilizwa na majaji watatu: Isaac Lenaola, Mumbi Ngugi na George Odunga. Bodi na Mwanasheria Mkuu walikuwa upande mmoja, na jukwaa la Wakristo wenye taaluma mbalimbali liliingia kuwaunga mkono. Taasisi ya Katiba ilijiunga kutoa hoja za kisheria.

Aprili 24, 2015, majaji walitoa hukumu iliyompa Gitari ushindi. Hoja ya msingi ilikuwa rahisi. Kifungu cha 36 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kujiunga na wengine katika chama cha aina yoyote. Hakisemi "kila mtu isipokuwa". Ukitaka kuibana haki hiyo, Kifungu cha 24 kinakutaka uonyeshe sheria inayokuruhusu na sababu inayokubalika katika jamii ya kidemokrasia. Vifungu vya Kanuni za Adhabu havikatazi watu kuunda chama, vinakataza tendo.

Kilichowakera wengi ni sehemu iliyogusa dini. Mbele ya mahakama kulikuwa na Biblia na Kurani kama ushahidi. Majaji waliheshimu imani hizo lakini wakasema imani, hata iwe thabiti kiasi gani, haiwezi kuwa msingi wa kumnyima mtu haki aliyopewa na Katiba. Mimi ni muumini, na sentensi hiyo inanilinda mimi pia siku watu wa imani nyingine watakapokuwa wengi kuliko wa imani yangu.

Hiyo ndiyo ilikuwa kesi ya kwanza ya aina hii?

Si ya kwanza kabisa. Julai 2014 Jaji Odunga aliiamuru Bodi hiyo hiyo kulisajili shirika la Transgender Education and Advocacy, linalotetea watu waliobadili jinsia. Oktoba mwaka huo Audrey Mbugua, mmoja wa waanzilishi wake, alishinda kesi nyingine iliyoliamuru baraza la mitihani kubadilisha jina kwenye cheti chake cha shule na kuondoa alama ya jinsia.

Nimesikia kuhusu kesi ya Ukunda. Inahusiana vipi?

Inahusiana sana, na ndiyo iliyoonyesha kazi ya shirika hili kwa karibu zaidi.

Februari 2015 wanaume wawili walikamatwa Ukunda, kaunti ya Kwale, wakishukiwa kuwa mashoga. Hawakukutwa wakitenda lolote. Kwa amri ya mahakama walipelekwa hospitali ya umma Mombasa, wakapimwa virusi vya Ukimwi, kaswende na homa ya ini, kisha wakakaguliwa sehemu ya haja kubwa ili kupata "ushahidi". Fomu za ridhaa zilikuwepo, zimetiwa saini. Zilitiwa saini na watu walio mikononi mwa polisi, waliotolewa seli, walioletwa hospitali chini ya ulinzi. Ukaguzi huo hauna msingi wowote wa kitabibu. Daktari hawezi kuuangalia mwili wa mtu mzima kwa njia hiyo akajua amelala na nani.

NGLHRC ilikwenda mahakamani kwa niaba yao. Juni 2016 Mahakama Kuu ya Mombasa iliamua dhidi yao, ikisema uchunguzi ulikuwa halali. Walikata rufaa. Septemba 2017 chama cha madaktari, KMA, kilipitisha azimio la kulaani uchunguzi wa kulazimishwa. Na Machi 22, 2018, Mahakama ya Rufaa ikaamua kwamba uchunguzi ule ulikiuka haki na utu wa wale wawili, na ushahidi uliotokana nao haufai kutumika.

Ukiniuliza ni ushindi gani wa shirika hili ulioleta nafuu ya haraka zaidi kwa mtu wa kawaida, nitakutajia huu kabla ya ule wa Mahakama ya Juu. Na haukuhusu kukubali au kukataa ushoga. Ulihusu daktari na askari kutomfanyia binadamu jambo lile.

Bodi ilikata rufaa kuhusu usajili. Ikawaje?

Ilishindwa tena. Machi 22, 2019, majaji watano wa Mahakama ya Rufaa waligawanyika tatu kwa mbili. Philip Waki, Martha Koome na Asike Makhandia walikubaliana na Mahakama Kuu. Roselyn Nambuye na Daniel Musinga walipinga. Jaji Waki aliandika, kwa maneno yake, kwamba watu hawa wapo na jamii haifaidiki kwa kujifanya haiwaoni.

Mwaka huo huo si walishindwa kesi nyingine?

Ndiyo, na watu huzichanganya kesi hizi mbili kila mara, kwa hiyo tuzitenganishe.

Kesi ya usajili ilihusu haki ya kuunda shirika. Kesi ya pili, nambari 150 ya 2016, iliyofunguliwa na Gitari na kuunganishwa na ya GALCK na wenzao, nambari 234 ya mwaka huo, iliomba vifungu vya 162 na 165 vifutwe. Ilisikilizwa mapema 2018 mbele ya majaji Roselyne Aburili, Chacha Mwita na John Mativo. Hukumu ilitarajiwa Februari 22, 2019. Watu walifurika mahakama ya Milimani, Nairobi, siku hiyo, wakaambiwa majaji bado hawajamaliza kazi, warudi Mei.

Mei 24 walirudi. Majaji wote watatu waliitupa kesi. Walisema vifungu haviko na utata, vinamhusu kila mtu bila kubagua, na walalamishi hawakuthibitisha kwamba watu huzaliwa hivyo. Waliongeza kwamba kuvifuta kungefungua mlango wa nyuma wa ndoa za jinsia moja wakati Kifungu cha 45 cha Katiba kinazungumzia ndoa ya mume na mke.

Siku tatu kabla, Mei 21, mwandishi Binyavanga Wainaina alikuwa amefariki Nairobi. Alikuwa amejitangaza hadharani kuwa shoga Januari 2014, Mkenya maarufu wa kwanza wa kiwango chake kufanya hivyo. Waliokuwa wamemlilia wiki hiyo ndio walioketi mahakamani Ijumaa ile kusikia kesi ikitupwa.

Sikubaliani na hoja ya kuzaliwa hivyo. Hakuna Mkenya anayetakiwa kuthibitisha kwamba alizaliwa Mkatoliki ndipo apewe uhuru wa kuabudu. Rufaa ilikatwa.

Mahakama ya Juu iliamua nini Februari 2023?

Tatu kwa mbili, kwa mara nyingine. Naibu Jaji Mkuu Philomena Mwilu, Smokin Wanjala na Njoki Ndung'u waliunga mkono usajili. Mohammed Ibrahim na William Ouko walipinga.

Majaji hao watatu walisema kwamba kukataa kusajili shirika kwa sababu tu ya mwelekeo wa kimapenzi wa waombaji ni kwenda kinyume na Katiba. Walisema pia kwamba orodha ya misingi ya ubaguzi iliyokatazwa katika Kifungu cha 27 si orodha iliyofungwa, na kwamba jinsia iliyotajwa humo inabeba pia mwelekeo wa kimapenzi wa mtu. Hiyo sehemu ya pili ina uzito mkubwa kuliko usajili wenyewe, kwa sababu inaweza kutumiwa na mtu aliyefukuzwa kazi au aliyenyimwa matibabu.

Lakini majaji hao hao walisema jambo ambalo wapinzani hawalinukuu: vifungu vya 162, 163 na 165 bado vipo, na yeyote atakayevivunja, awe nani, atakabiliwa na sheria.

Mbona majaji walikuwa watano na si saba?

Swali zuri, na jibu linaonyesha jinsi kesi ilivyodumu. Jaji Lenaola, aliyeiamua 2015 akiwa Mahakama Kuu, alikuwa ameshapanda hadi Mahakama ya Juu. Jaji Koome, aliyeiamua 2019 kwenye rufaa, alikuwa ameshakuwa Jaji Mkuu tangu 2021. Jaji hawezi kukaa juu ya uamuzi wake mwenyewe. Walibaki watano, ambao ndio idadi ya chini kabisa inayoruhusiwa na Katiba.

Basi sasa ndoa za jinsia moja zimeruhusiwa?

Hapana. Hakuna mahakama yoyote ya Kenya iliyosema hivyo, na NGLHRC haikuomba hivyo katika kesi hii.

Wanasiasa walipokeaje uamuzi?

Kwa kishindo. Rais Ruto alisema anaiheshimu mahakama lakini mila na dini zetu haziruhusu. Mwanasheria Mkuu alisema serikali itaupinga. Mbunge wa Homa Bay Town, George Peter Kaluma, aliiomba Mahakama ya Juu iupitie upya uamuzi wake. Septemba 2023 ombi lake likatupwa, kwani hakuwa mhusika katika kesi na hakutimiza masharti ya mapitio. Mombasa kulikuwa na maandamano mwezi huo.

Kaluma pia aliandaa Mswada wa Kulinda Familia, unaopendekeza adhabu kali zaidi na kupiga marufuku shughuli za utetezi wa haki hizi. Usome mswada wenyewe kabla ya kuushabikia. Sheria inayoadhibu kutetea watu haiishii kwa wale uliowakusudia.

Na haya maneno ya majukwaani yana uzito. Januari 2023, wiki chache kabla ya uamuzi, mwili wa Edwin Chiloba, mwanamitindo kijana aliyejulikana kwa kutetea haki hizi, ulipatikana ndani ya sanduku la chuma kando ya barabara huko Uasin Gishu. Aliyemuua alihukumiwa kifungo cha miaka 50 mnamo Desemba 2024. Wapo waliosherehekea kifo hicho mitandaoni. Mtu yeyote aliyemzika mwanawe anajua ukatili wa jambo hilo.

Si yote haya ni ajenda ya wazungu na pesa zao?

Pesa za wafadhili wa nje zipo, kama zilivyo kwenye zahanati zetu, mbegu zetu na chandarua unacholalia. Zipo pia upande wa pili: kampeni za kupinga haki hizi barani Afrika zimepata msaada mkubwa kutoka kwa makundi ya kiinjilisti ya Marekani. Kwa hiyo pesa haziamui nani Mwafrika.

Mimi hupima hivi. Walioanzisha shirika ni Wakenya. Mawakili ni Wakenya. Sheria waliyoitegemea ni Katiba tuliyoipigia kura sisi. Sheria iliyotumiwa dhidi yao iliandikwa na mkoloni. Sasa ajenda ya wazungu iko wapi?

Uganda na Tanzania hali ikoje?

Uganda, shirika la SMUG liliwahi kukataliwa jina kwa sababu karibu zile zile za Nairobi. Likaenda mahakamani, likashindwa 2018, na Mahakama ya Rufaa ikathibitisha Machi 2024. Katikati yake, Mei 2023, Rais Museveni alitia saini sheria dhidi ya ushoga yenye adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa. Soma barua za kukataa jina za Nairobi na Kampala utaona zinafanana. Majaji ndio waliotofautiana.

Tanzania, kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu ya huko kinatoa kifungo cha miaka 30 hadi maisha. Oktoba 2017 polisi wa Dar es Salaam waliwakamata wanasheria na wanaharakati kwenye kikao cha kujadili kesi, na shirika la CHESA lililohusika na kikao hicho baadaye likafutiwa usajili.

Botswana ndiko mambo yalikoenda mbali zaidi: shirika la LEGABIBO lilishinda haki ya usajili mwaka 2016 katika Mahakama ya Rufaa, na Juni 2019, wiki chache baada ya hukumu ya Milimani, Mahakama Kuu ya huko ikafuta sheria inayofanana kabisa na yetu.

Sheria ya usajili imebadilika tangu wakati huo?

Ndiyo. Mei 2024 sheria ya mashirika ya manufaa ya umma, iliyopitishwa 2013 na kukaa kabatini zaidi ya miaka kumi, ilianza kutumika. Bodi ya NGO imegeuzwa kuwa mamlaka ya kusimamia mashirika hayo. Uamuzi wa Mahakama ya Juu unaifunga mamlaka hiyo kama ulivyoifunga Bodi.

Mimi au ndugu yangu akikamatwa, afanye nini?

Haki hizi ziko Kifungu cha 49 cha Katiba na ni za kila aliyekamatwa. Aelezwe mara moja, kwa lugha anayoielewa, kwa nini anakamatwa. Ana haki ya kunyamaza. Ana haki ya kuwasiliana na wakili na ndugu. Afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Zikiisha nje ya saa za kazi au siku isiyo ya kazi, apelekwe siku ya kazi inayofuata.

Asikubali kutia saini fomu ya uchunguzi wa mwili kabla ya wakili kufika. Aitaje kesi ya Ukunda kwa jina ikibidi. Asifungue simu yake kwa kulazimishwa bila kuuliza amri ya mahakama iko wapi.

Kama si polisi bali ni mtu aliyekutana naye mtandaoni anayedai pesa ili asimwanike, mambo mawili. Kwanza, asitume hata senti. Anayelipa mara moja hurudiwa. Pili, ahifadhi ujumbe wote, namba ya M-Pesa iliyotumika na picha za skrini, kisha amtafute wakili ampeleke kituoni. Kudai pesa kwa vitisho ni kosa la jinai, na anayelitenda ndiye mhalifu. Aende na mtu, na asiondoke kituoni bila nambari ya OB, yaani nambari ya ripoti yake kwenye daftari la matukio la polisi.